Neno "Fulani" na Kura ya Mfungwa

Sheria za nchi hazihesabiwi kuwa ni fasihi, na sina nia ya kuziingiza humo kwa nguvu. Walakini zimeandikwa kwa maneno, na maneno ni mali ya kila ayatumiaye. Mwanasheria hana hati ya kuyamiliki peke yake. Mtu ambaye kazi yake ni kufundisha Kiswahili, akisoma sheria iliyoandikwa kwa Kiswahili, ana haki ya kuuliza kama kila neno limefanya kazi liliyopewa. Iko ibara moja katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ambayo uzito wake umeegemea neno dogo la silabi tatu, na kwa sababu neno hilo halikusomwa kwa uangalifu, chaguzi nyingi zimepita pasipo wafungwa kupiga kura. Neno lenyewe ni "fulani".

Ibara ya 5 ya Katiba ya mwaka 1977 yampa kila raia aliyetimiza umri wa miaka 18 haki ya kupiga kura. Kisha yaliruhusu Bunge kutunga sheria ya kumzuia raia asiitumie haki hiyo kwa sababu nne, na zaidi ya hizo hakuna. Sababu ya kwanza ni uraia wa nchi nyingine. Ya pili ni ugonjwa wa akili. Nyingine ni kushindwa kuthibitisha umri, uraia au uandikishwaji. Iliyobaki ndiyo inayotuhusu: kutiwa hatiani kwa "makosa fulani ya jinai". Tafsiri ya Kiingereza ya ibara hii imeongeza neno lenye maana ya "yaliyotajwa", kana kwamba mfasiri aliogopa kuwa msomaji wake hataisikia sauti ya "fulani" ikiwa peke yake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji nyongeza hiyo.

Tulitazame neno hili. Lilitujia kutoka Kiarabu, likakaa nasi hata likawa mwenyeji. Msemaji hulitumia amjuapo mtu na asipende kumtaja: "Iko siri kati yangu na fulani." Hulitumia pia jina lisipokuwa na maana katika habari anayosimulia: "Alifika bwana fulani akauliza njia." Tena hulitumia mahali pa jina litakalojazwa baadaye, kama waandishi wa hati walivyozoea kuandika "fulani bin fulani" kabla wenyewe hawajafika kutia sahihi. Katika matumizi yote haya, jambo moja halibadiliki: "fulani" si "yoyote", wala si "wote". Mtu akisema kwamba amegombana na jirani fulani, hapana asikiaye akadhani kuwa amegombana na kijiji kizima. Neno hili huchagua, na hudai kwamba mahali fulani liko jina. Kwa hiyo Katiba ilipoandika "makosa fulani ya jinai", iliacha nafasi tupu katika hati, ikamkabidhi Bunge kalamu ili aijaze kwa majina ya makosa.

Je, Bunge liliandika nini? Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura ya 343, katika kifungu cha 11, ilimwondolea sifa ya kuandikishwa mtu aliyehukumiwa kufa, na mtu anayetumikia kifungo kinachozidi miezi sita. Hapo msomaji atatafuta jina la kosa asilione. Wizi haukutajwa, kuua hakukutajwa, rushwa haikutajwa. Kilichotajwa ni muda. Katiba iliuliza, "Kosa gani?" na sheria ikajibu, "Miezi mingapi." Katika chumba cha mtihani, mwanafunzi aulizwaye swali moja akajibu jingine hupewa sifuri hata kama majibu yake yameandikwa kwa mwandiko mzuri. Ajabu ni kwamba jibu hili lilipita miaka mingi bila kusahihishwa.

Lilisahihishwa Desemba 2022. Wananchi wawili, Tito Magoti na John Tulla, walikwenda Mahakama Kuu wakakishitaki kifungu hicho. Magoti ni mwanasheria aliyekuwa mahabusu tangu Desemba 2019 hata Januari 2021, na uchaguzi mkuu wa Oktoba 2020 ulimpita akiwa ndani. Yamkini mtu wa namna hiyo husoma ibara ya 5 kwa macho makali kuliko sisi tunaoisomea maktabani. Mahakama ilikubali kwamba kifungu kile kilikuwa kipana kupita ruhusa ya Katiba, ikakiona kuwa chapingana nayo. Nathubutu kusema kwamba hiyo ni mojawapo ya hukumu chache za nchi yetu ambazo mwalimu wa lugha angeweza kuifundisha darasani. Kiini chake, nionavyo, ni usomaji sahihi wa kivumishi kimoja.

Baada ya hapo ilitungwa Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, Na. 1 ya mwaka 2024, na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikaanza kuliboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kazi ilianzia Kigoma mwezi wa Julai, na ikafika kwetu Kagera mwezi wa Agosti. Kwa mara hii Tume ilitangaza vituo vya kujiandikisha ndani ya magereza: 130 Tanzania Bara, na 10 Zanzibar. Ni hatua njema, wala sitaki kuipunguzia heshima yake, maana haki isiyo na meza, daftari na karani ni haki ya kusimuliwa tu. Lakini waliotangaziwa haki hiyo ni nani? Ni mahabusu, na wafungwa waliohukumiwa kifungo cha chini ya miezi sita. Basi kalenda ilitolewa mlangoni ikarudi kupitia dirishani. Yule wa miezi mitano alipata karatasi yake. Yule wa miezi minane alibaki akimtazama.

(Nimetaja Zanzibar. Huko gereza haliitwi gereza, huitwa Chuo cha Mafunzo, na aliyemo huitwa mwanafunzi. Nimewahi kusikia watu wakicheka jina hilo. Mimi silicheki. Serikali iliyomwita mtu mwanafunzi imekiri kwamba yumo ndani ili atoke akiwa bora. Na ukishakiri hivyo, ni vigumu kueleza kwa nini somo la uraia ndilo la kwanza kufutwa katika ratiba yake.)

Ubaya wa kupima kwa miezi hauonekani vizuri mtu akiwa mbali. Nichukue mfano wa hapa Kanazi, katika wilaya ya Bukoba, mahali palipokuwa na makao ya Mukama Kahigi wa Kihanja zama za Wadachi, na ambapo mpaka leo mgomba na mbuni hukua kivuli kimoja. Mfano ni wa kubuni, lakini hapana mtu wa Kagera atakayeuona mgeni. Watu wawili wamekamatwa usiku na magunia ya kahawa wakielekea mpaka wa Uganda. Wameshitakiwa pamoja, wametiwa hatiani pamoja, na hakimu amewapa hukumu moja: faini, au kifungo cha mwaka mmoja. Wa kwanza ana ndugu Dar es Salaam. Fedha zimetumwa kwa simu kabla jua halijatua, naye amerudi nyumbani kula ndizi na wanawe. Wa pili hana ndugu wa namna hiyo. Anacho kibanja, lakini ni cha ukoo, na cha ukoo hakiuzwi kwa haja ya mtu mmoja. Huyo anapelekwa gereza la Bukoba, na huenda kutoka hapo akahamishiwa Kitengule kulima.

Siku ya uchaguzi inafika. Wa kwanza anapanga foleni, anatia wino kidoleni, anamchagua diwani. Wa pili hana kura. Sasa turudi kwenye Katiba: yasema juu ya kutiwa hatiani kwa makosa fulani. Wote wawili wametiwa hatiani, na kosa lao ni moja. Kama magendo ya kahawa ni miongoni mwa makosa "fulani", basi wote wawili walipaswa kukosa kura. Na kama si miongoni mwayo, wote wawili walipaswa kuipata. Hapana njia ya kulisoma neno hili itakayowatenga. Kinachowatenga ni mfuko. Sheria iliyodai kupima uovu imepima uwezo wa kulipa, na haikukusudia hivyo, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa kuwa uonevu uliokusudiwa huwa una mwenyewe wa kumwuliza.

Nchi hii iliwahi kuwa na kipimo cha fedha kilichotangazwa waziwazi. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1958 na 1959, Mwafrika wa Tanganyika hakuandikishwa ila awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa. Wazee wetu wa Buhaya waliokuwa na kahawa nzuri waliweza kuvuka. Wengine wengi hawakuweza. Mwaka huohuo wa 1958, Julius Nyerere alitiwa hatiani mjini Dar es Salaam kwa kosa la jinai la kuwakashifu kwa maandishi mabwana wilaya wawili. Hukumu yake ilikuwa faini ya shilingi 3,000, au kifungo cha miezi sita. Shilingi 3,000 za siku zile ni pauni 150: fedha ileile iliyomfanya mtu awe mpiga kura. Faini ililipwa. Sisemi kwamba sheria niliyoitaja hapo juu ndiyo iliyokuwa ikitawala wakati ule, haikuwapo. Nasema tu kwamba tukimweka mtu huyo juu ya mizani ya siku zetu, tutamkuta amesimama penye mpaka wenyewe. Kama faini isingalilipwa, na kama hakimu angaliongeza siku moja juu ya miezi sita, kalenda ingalimtia katika kundi la wasiofaa kuchagua.

Wala tusidhani kwamba ni sisi tu tulionaswa na fedha. Katika jimbo la Florida, Marekani, wananchi walipiga kura mwaka 2018 kuwarudishia haki watu wengi waliomaliza vifungo vyao, ambao kwa desturi ya huko walikuwa wamepoteza kura hata baada ya kutoka. Mwaka uliofuata watunga sheria wao wakaamua kwamba hajamaliza kifungo mtu ambaye hajalipa faini na gharama za kesi. Sheria yetu, tuipe haki yake, haikufika huko: mtu akitoka gerezani ametoka na uraia wake.

Kalenda ina ubaya mwingine, ambao wasomaji wa fasihi wanaujua vema. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu nchini Kenya, tangu 1969 hata 1972, kwa sababu ya kijitabu kilichouliza nchi ile yaelekea wapi. Mashairi aliyoyaandika gerezani kwa siri, juu ya karatasi za chooni, yalitoka mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo iliyoitwa kwa jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Tumeyafundisha mashairi hayo miaka hamsini. Hapana mwalimu aliyewahi kuwaambia wanafunzi wake kwamba sauti hiyo haistahili kusikilizwa kwa sababu mwenyewe alikuwa mfungwa wa kifungo kirefu. Lakini kwa kipimo cha miezi, mshairi huyo ni sawasawa na mnyang'anyi aliyefungwa miaka mitatu; kalenda haijui tofauti ya kijitabu na panga. Orodha ya majina ya makosa ingeijua. Kama mtunga sheria angetaka kumnyima kura mwandishi wa kijitabu, ingemlazimu aandike hivyo kwa wino, na watu wakamwona akiandika.

Nimefika penye hoja ya upande wa pili, na sitaipita mbio, maana niliisikia hapa Kanazi kwa mzee ambaye namheshimu. Wakati wa uandikishaji wa mwaka 2024 aliniambia: "Mwalimu, wewe unamtetea aliye gerezani. Yule aliyemwua mwenzake kwa mpaka wa kibanja, marehemu wake anapiga kura wapi?" Nilimjibu, "Waitu, swali lako ni zito," na kwa siku hiyo sikuwa na zaidi. Wenyeji wa mkoa huu wanajua kwamba hilo si swali la kupamba mazungumzo. Ugomvi wa mashamba umekwisha kuondoa watu, na wajane wao wapo, na siku ya uchaguzi hupanga foleni pamoja na ndugu za muuaji. Kumwambia mjane kwamba aliyemfanya mjane atamchagulia diwani, ni kumwomba jambo kubwa.

Na tena nakiri kuwa Katiba haimpingi mzee. Neno "fulani" lina nafasi ya kuandikwa "kuua". Bunge likitaka, na liandike. Nisemalo ni kwamba liandike, lisihesabu. Lakini kwa kuwa mzee aliniuliza rai yangu, wala hakuniuliza tafsiri ya ibara, nitaitoa.

Kwanza, tusifanye kura kuwa zawadi ya tabia njema. Jina lenyewe halikuzaliwa hivyo. Kura kwa asili ni kijiti au karatasi ya kubahatisha, iliyotumika kugawana mafungu au zamu; aliyepigiwa kura hakuulizwa kama ni mwema, aliulizwa kama ana fungu katika kitu kigawanywacho. Najua kwamba asili ya neno si hoja, na mwanafunzi wangu akijenga hoja juu ya asili ya neno peke yake humrudishia karatasi. Hata hivyo maana hiyo ya zamani ingali inaishi ndani ya desturi ya sasa. Hatumwulizi mpiga kura kama huwapiga watoto wake, kama alimdhulumu dada yake urithi, kama alipata kukopa asilipe. Wamo wengi katika foleni ya Kanazi ambao kijiji kizima chajua habari zao, na karani huwapa karatasi bila kuinua macho. Muuaji ametenda baya kuliko wote hao. Lakini fungu lake katika nchi halikwenda kaburini pamoja na marehemu: wanawe wanasoma shule ya kata ileile, mama yake anategemea zahanati ileile, na gereza alimolala linaendeshwa na serikali ileile itakayochaguliwa.

Pili, na hapa ndipo ninapokaa zaidi, tuiangalie adhabu yenyewe inavyotamkwa. Jaji anapomhukumu muuaji humwambia wazi kwamba atanyongwa hadi afe. Anapomhukumu mnyang'anyi humwambia miaka. Maneno ya hukumu hupimwa moja moja, huandikwa, husomwa kwa sauti mbele ya mshitakiwa, na yaweza kukatiwa rufani. Ndiyo heshima ya mwisho ambayo sheria humpa mkosaji: humwambia usoni ni nini kitakachomfika. Katika hukumu hizo sijasikia mahali ambapo jaji anasema, "na hutapiga kura". Kunyang'anywa kura kulimfika mfungwa kimyakimya, kama mkia wa adhabu ambao hapana aliyeutaja. Hakikupimwa na ukubwa wa kosa, wala hakikukatiwa rufani, kwa kuwa hakuna aliyekitoa. Mtu aliyehukumiwa mwezi mmoja baada ya uchaguzi na kufungwa miaka minne hakupoteza kitu. Aliyehukumiwa mwezi mmoja kabla na kufungwa miezi saba alipoteza miaka mitano ya sauti. Nikiulizwa ni kitu gani chaniudhi zaidi katika jambo hili lote, nitajibu kwamba ni hicho: adhabu isiyotamkwa na mtu, inayogawiwa na tarehe.

Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa letu, aliandika katika *Dunia Uwanja wa Fujo* ya mwaka 1975 habari za Tumaini, ambaye mali yake yaingiliwa na siasa ya wakati ule, naye akamwua kiongozi wa wilaya, akahukumiwa kufa. Riwaya hiyo haimsafishi. Damu aliyoimwaga ni damu. Walakini msomaji hafungi kitabu pale mahakama inapomaliza kusema. Anaendelea kumsikiliza Tumaini akiwa mtu mwenye rai juu ya nchi yake, rai mbaya au njema. Na tukumbuke kwamba mhukumiwa wa leo hafanani na wa riwaya katika jambo moja kubwa. Tangu miaka ya katikati ya 1990 hapana aliyenyongwa Tanzania, ijapokuwa hukumu ya kifo ingali katika vitabu vyetu. Sheria iliyomnyima kura aliyehukumiwa kufa ilimhesabu kama mtu aliye njiani kuondoka. Haondoki. Anazeeka gerezani, anawaona marais wakibadilika, na haijulikani ni wafu gani anaohesabiwa pamoja nao.

Majirani zetu wameshughulika na jambo hili kwa njia zao. Kenya, kabla ya kura ya maoni ya Agosti 2010, mahakama iliamua kwamba wafungwa waruhusiwe kuipigia kura katiba mpya. Na katiba iliyozaliwa siku hiyo ilitaja kosa moja tu la kumzuia mpiga kura, yaani kosa la uchaguzi lililotiwa hatiani katika miaka mitano iliyotangulia. Hao waliijaza nafasi ya "fulani" kwa jina, na jina walilolichagua lina mantiki: aliyeiba kura za watu asiguse kura kwa muda. Mwaka 2017 wafungwa wa Kenya walimpigia kura rais, na nchi haikuporomoka kwa ajili yao. Ilikuwa na matatizo mengine ya uchaguzi, yaliyoletwa na watu walio huru.

Uganda ina habari ya ajabu zaidi. Juni 2020 Jaji Lydia Mugambe wa Mahakama Kuu aliamua kwamba wafungwa, pamoja na Waganda waishio nchi za nje, wana haki ya kupiga kura. Uchaguzi wa Januari 2021 ukafanyika, nao wafungwa hawakupiga. Kisha mwaka 2025 jaji huyohuyo alitiwa hatiani huko Oxford, Uingereza, kwa makosa ya utumwa wa siku hizi aliyomtendea kijana wa kike wa Uganda, akahukumiwa kifungo cha miaka 6 na miezi 4. Na Uingereza ndiyo nchi ambayo Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliiambia mwaka 2005 kwamba kuwazuia wafungwa wote kwa jumla si halali, na ambayo Bunge lake mwaka 2011, kwa kura 234 dhidi ya 22, lilishikilia kuwazuia. Nimewasikia watu wakisema kwamba hukumu ya Kampala sasa haina thamani, kwa kuwa mwandishi wake amekuwa mhalifu. Huo ni uhakiki mbaya. Hukumu husomwa kwa hoja zake. Kama hoja zilikuwa sawa mwaka 2020, kosa la mwandishi wake halikuzigusa, na kama zilikuwa mbovu, unyofu wake usingaliziponya. Namwambia mwanafunzi vivyo hivyo juu ya shairi. Na aliyezoea kutenga kazi na mtenda kazi hatapata taabu kuelewa jinsi mtu anavyoweza kuwa mwovu na kura yake ikawa kura.

Kama ningepewa kalamu ya Bunge, ningeiweka kalenda kando, nikaandika majina mawili. La kwanza ni makosa ya uchaguzi: kununua kura, kughushi matokeo, kumtisha mpiga kura. La pili ni uhaini, ijapokuwa hilo ningeliandika kwa mkono mzito, nikikumbuka ni watu wangapi katika Afrika Mashariki walioitwa wahaini asubuhi na mashujaa jioni. Tena ningetaka kunyimwa kura kutamkwe na jaji katika hukumu, kwa muda uliotajwa, ili aliyehukumiwa asikie na apate kukata rufani. Kuua nisingekuandika. Mzee wangu wa Kanazi angekuandika kwanza kabisa, kwa herufi kubwa, na wengi katika kijiji wangekuwa upande wake. Nasi tungebishana mbele ya watu juu ya neno hilo moja, kosa lenye jina, kama Katiba ilivyokusudia tubishane. Akishinda, atakuwa ameshinda kwa neno lililoandikwa, na muuaji atalisikia likisomwa siku ya hukumu yake.